Mara Kumi na Tisa za Namba Sita

Jumatatu, 1 Aprili

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nikiendelea kukaa nalo litanitoka siku moja mbele ya mtu asiyehusika. Niliambiwa nifute rekodi tano. Nikasema nimefuta. Sikufuta hata moja.

Mama ni katibu wa bodi katika kampuni ya magodoro. Wakurugenzi ni saba. Wakikutana, Mama anaweka kinasa sauti katikati ya meza, kisha nyumbani anasikiliza na kuandika kumbukumbu za kikao. Wao wanaongea Kiswahili, kumbukumbu zinaandikwa Kiingereza. Imekuwa hivyo tangu zamani na hakuna anayeuliza. Zikishatiwa saini, rekodi inafutwa. Huo nao ni utaratibu.

Wiki mbili zilizopita Mama aliteleza kwenye ngazi za ofisi, maji ya mvua yalikuwa yameingia mpaka ndani, akavunja mkono wa kulia. Plasta inaanzia kwenye vidole hadi karibu na kiwiko na daktari amesema wiki saba. Basi mkono wake sasa ni mimi. Nikirudi shule navua sare, nakaa kwenye meza ya chakula na kompyuta yake, nasikiliza, naandika, naye anasahihisha akiwa nyuma ya bega langu. "Ikijulikana mtoto wa shule anashika karatasi za bodi, mwanangu, mimi kazi sina." Ameshasema hivyo mara tatu. Miaka ishirini na miwili yuko pale, alianzia mapokezi.

Rekodi tano za vikao vilivyopita zilikuwa zimemlundikia. Akaniambia nizifute. Nikazihamishia kwenye folda yangu ya Jiografia, ambako hata mimi mwenyewe huwa siingii.

Sababu yenyewe ni ya aibu. Nina miaka kumi na sita na kila muhula mwalimu ananiandikia maneno mawili yale yale: hashiriki darasani. Nilitaka kusikia watu wazima wanavyoingia kwenye maongezi. Wanapenya wapi? Wanavuta pumzi saa ngapi? Kuna ufundi mle. Mwenyekiti, kwa mfano, husema "ahsante sana", na kumbe hashukuru, anafunga mlango.

Daftari hili nalificha chini ya godoro langu, upande uliobonyea. Ni godoro la kiwandani, lile wanalouziwa wafanyakazi kwa sababu lina kasoro.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Sare haijakauka, nimekwenda nayo hivyo hivyo.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo tumeanza Tathmini. Mama anaitamka kama jina la ugonjwa.

Ni hivi. Kabla ya mkutano wa wanahisa mwezi ujao, lazima ijulikane kama wakurugenzi wanafanya kazi yao au wanakuja kunywa chai. Mwenyekiti ameajiri mtathmini kutoka nje. Kila mkurugenzi anajaza dodoso na kumpa mwenzake alama, moja hadi tano: anajiandaa? anauliza maswali ya maana? anachangia? Majina yametolewa, kila mtu ana namba, ili mtu ahukumiwe kazi yake na si sura yake. Mwenyekiti ni Namba Moja, bila shaka. Kazi yangu ni kuingiza alama na kunakili maoni, kwa sababu wanajuana miandiko.

Wanavyoandikiana! Sikujua watu wenye mvi wanaweza kusengenyana kwa adabu kiasi kile. Namba Nne "ana mawazo mengi, mengine yanahusu kampuni." Namba Mbili "huwahi kufika, huwahi kuondoka." Lakini aliyechapwa kuliko wote ni Namba Sita. Anachangia: moja, moja, mbili, moja, moja, moja. Maoni: "Hachangii." "Miaka mitatu sijamsikia." "Mtu mwema. Kama kiti cha akiba."

Hilo la kiti lilinichekesha nikashindwa kuandika. Mama naye akacheka, halafu akaacha ghafla, akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Jumamosi, 6 Aprili

Mtathmini alipiga simu. Mama aliiweka kwenye spika kwa sababu ya mkono.

"Dada, maoni ni maoni. Mimi nataka takwimu. Nihesabieni kila mkurugenzi ametajwa mara ngapi kwenye kumbukumbu za mwaka mzima. Hiyo ndiyo inatuonyesha nani anafanya kazi. Takwimu haina shemeji."

Nimehesabu kutwa nzima. Namba Moja, mara mia mbili na kumi na mbili. Namba Nne, tisini na saba. Hata Namba Mbili anayewahi kuondoka ana thelathini na moja. Namba Sita ametajwa mara tano, zote kwenye orodha ya waliohudhuria. Nikaandika: michango, sifuri.

Nilimchukia kidogo, ukweli ndio huo. Kama unavyomchukia mtu mliyekutana naye barabarani amevaa nguo kama yako na haijamkaa. Angalau mimi bado ni mtoto. Yeye amepewa kiti, meza, glasi ya maji na jina lake kwenye kibao, halafu anashindwa kufungua mdomo?

Jumapili, 7 Aprili

Mjomba alikuja kunywa chai, amelowa chepechepe. Ni mdogo wake Mama, anafanya kazi hapo hapo kiwandani, kwenye chumba cha kupoza. Mimi ananiita Redio kwa sababu siongei.

"Redio, leo umeme umekatika tena?"

Nikatabasamu. Hilo kwake ni jibu tosha.

Alisema kazi imezidi. Sponji ikimiminwa inaumuka kama mkate, pande moja refu kama basi dogo, na katikati inabaki na moto hata ukiigusa nje ni baridi. Inatakiwa kila pande likae peke yake siku nzima, hewa ipite, ndipo lipangwe. "Sasa ghala la pili limeingia maji, kwa hiyo tunapanga matatu matatu, hayajapoa. Ukiingia mle ndani, Dada, unadhani umefungua oveni."

"Si mmemwambia msimamizi?"

"Tumemwambia. Naye amewaambia wakubwa. Wakubwa wamesema oda ziko nyingi." Akachovya mkate. "Ukimwona mkubwa yeyote, mwambie aje alale humo saa moja tu. Godoro tutampa bure."

Mama hakucheka.

Jumanne, 9 Aprili

Tulipata mgeni, bibi mmoja mdogo wa umbo, miwani ya kamba, amekuja kumpa Mama pole ya mkono. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba" kwa sauti ndogo mpaka niliiona zaidi ya kuisikia. Mama akaenda jikoni, tukabaki wawili. Hakuniuliza niko darasa la ngapi. Hakuniuliza nataka kuwa nani. Tulikaa dakika kama kumi na moja bila kusema neno, na sijawahi kukaa vizuri na mgeni namna ile.

Kitu kimoja tu alifanya. Alibonyeza mto wa kochi letu kwa kidole gumba, akaachia, akaangalia unavyorudi juu.

"Miaka sita?" akaniuliza.

Kochi lina miaka sita kasoro miezi miwili.

Ijumaa, 12 Aprili

Kikao cha bodi. Mama amerudi hana hata nguvu ya kuvua viatu. Nimemvua mimi.

Jumamosi, 13 Aprili

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia mwanzo wa rekodi.

Saa moja na robo ya kwanza ni mambo ya kawaida. Namba Nne ana wazo kuhusu rangi ya nembo. Mwenyekiti anacheka lile cheko lake la tumbo. Naandika: ilijadiliwa, ilionekana, ilikubaliwa. Katika Kiingereza cha kumbukumbu hakuna mtu anayefanya kitu, mambo yanajifanya yenyewe.

Halafu kukawa na mahali ambapo mtu anavuta pumzi. Ninazijua hizo pumzi, nimezisoma. Hii ilitoka mbali, upande wa kiyoyozi, na baada yake kukaja kitu kama mkwaruzo. Kwenye spika ya kompyuta hakikuwa neno. Nikavaa spika za masikioni, nikapandisha sauti hadi mwisho.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza kuhusu chumba cha kupoza."

Ni yule bibi. Mgeni wetu. Niliinuka kabisa kutoka kwenye kiti.

"Ahsante sana, mama, tutalirudia," akasema Mwenyekiti, na Namba Nne akaendelea na rangi yake.

Dakika kumi na nne baadaye: "Mwenyekiti, lile la chumba cha—" "Tutalirudia, mama, usiwe na shaka." Mtu fulani akacheka kidogo puani.

Mara ya tatu alitaja hali ya joto. Alisema nambari, aliitaja taratibu, na alisema pande likifika hapo linaanza kujiunguza lenyewe kutoka ndani, bila kiberiti. Mwenyekiti akaongea juu yake tokea katikati ya sentensi, kama mtu anayeweka sahani juu ya sahani.

Mara ya nne hakusema. Ilisikika karatasi ya plastiki ikifunguliwa, polepole, sauti inayokera. Halafu kitu chepesi kikawekwa mezani. Kimya. Nilihesabu, sekunde saba. Katika rekodi nzima hakuna kimya kirefu kama hicho.

"Hiki nini tena?" Namba Mbili.

"Ni kipande cha katikati. Cha Jumatano."

"Mbona cha kahawia?"

"Ndio naomba tukiongelee."

"Jamani, muda," akasema Mwenyekiti, bila ukali, kwa sauti ya mtu anayeita watoto waje kula. "Mama yetu ametuletea zawadi. Hilo tutalirudia. Katibu, tuna agenda gani inayofuata?"

Na sauti ya Mama, karibu kabisa na kinasa: "Mengineyo, Mwenyekiti."

Hawakulirudia. Nilisikiliza mpaka viti vilipoburutwa.

Nilikwenda kumuuliza Mama yule bibi ni nani pale. Akasema ni mkurugenzi, zamani alikuwa mkemia wa kiwanda, miaka thelathini kwenye mchanganyiko wa sponji, ndipo wakampa kiti. Namba yake ngapi? Mama akaangalia dirishani, nje mvua inapiga bati la jirani.

"Sita," akasema.

Jumapili, 14 Aprili

"Mama, naandikaje pale pa chumba cha kupoza?"

"Wamefikia uamuzi?"

"Hapana."

"Basi huandiki. Kumbukumbu ni za maamuzi. Ukiandika kila mtu aliuliza nini utakuwa unaandika gazeti."

"Lakini rangi ya nembo haikuamuliwa na tumeiandika."

Plasta yake ilikuwa juu ya meza kama kitu cha mtu mwingine.

"Mwenyekiti ndiye anayepitia kabla ya saini. Mwaka wangu wa kwanza wa ukatibu niliandika mambo kama hayo. Akanirudishia karatasi amekata kwa wino mwekundu, akaniambia kwa upole sana, katibu mzuri anajua kuacha. Nikaacha. Ukishaacha mara moja, ya pili haina uzito."

"Lakini Mama, sasa wanasema hachangii. Mimi nimemwandikia sifuri."

"Nimechoka, mwanangu. Tutalirudia."

Aliposema tu, akasikia. Nami nikasikia. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Nikaandika kumbukumbu bila chumba cha kupoza. Kwa mikono yangu miwili mizima.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Leo nilinyoosha mkono darasani, somo la Kemia. Mwalimu hakuona. Nikauacha juu. Hatimaye akasema, "Unataka kwenda nje?" Darasa likaangua kicheko. Nikaenda nje.

Jumamosi, 20 Aprili

Mama yuko kliniki. Nimefungua Jiografia.

Nimesikiliza zote tano, spika za masikioni, sauti hadi mwisho, masikio yanawaka. Nimemtafuta kama unavyotafuta sindano iliyoanguka kwenye zulia, kwa viganja. Amesema mara kumi na tano katika vikao vitano. Ukijumlisha nne za mwezi huu, kumi na tisa. Zote kwa sauti ile ile, zote kwa "naomba". Mara mbili aliuliza kuhusu madirisha ya chumba cha kupoza, mara moja kuhusu kikohozi cha wafanyakazi, zilizobaki ni joto, joto, joto. Mara kumi na saba Mwenyekiti amejibu "tutalirudia". Mara mbili hakujibu kabisa.

Nimeorodhesha kwenye kurasa za nyuma za daftari hili: tarehe, dakika, alichosema, alichojibiwa.

Walimwita kiti cha akiba. Nilicheka. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimekaa na hizi rekodi wiki zote hizo najifunza watu wanavyopenya kwenye maongezi, na sikuwahi kumsikia anayeshindwa kupenya.

Jumanne, 23 Aprili

Rasimu ya mtathmini imefika. Kurasa arobaini, michoro ya rangi. Namba Moja: "ufanisi wa hali ya juu." Namba Sita: "mchango wake hauthibitiki katika kumbukumbu, inapendekezwa asirudishwe." Wanahisa watapiga kura Ijumaa ya tarehe 10 Mei.

Hesabu ya sifuri ni jedwali la tatu. Nimelitengeneza mimi. Mistari imenyooka vizuri.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimemwambia Mama, "Ni kumi na tisa." Akasema, "Nini kumi na tisa?" Nikasema, "Mazoezi ya Hesabu."

Ijumaa, 26 Aprili

Tulikuwa kipindi cha sita. Nilimwona mtu wa ofisi ya shule amesimama mlangoni, ananitafuta kwa macho.

Pande la kati, katika mapande matatu yaliyobebana, lilianza kutoa moshi saa nne asubuhi. Moshi mweupe kwanza, kama mvuke, ndiyo maana hawakushtuka. Halafu mweusi. Mjomba na wenzake wanne walilisukuma nje kwa kigari, milango ilikuwa miwili na mmoja ulikuwa umefungwa kwa minyororo kwa sababu ya mafuriko. Walipolifikisha uani likalipuka moto lote kwa mara moja. Mvua ilikuwa inamwagika ndoo kwa ndoo, ndiyo iliyokiokoa kiwanda. Mvua hii hii niliyoitukana mwezi mzima.

Mjomba ameungua mkono wa kushoto na kifua kimejaa moshi. Tulimkuta hospitali amekaa kitandani, nyusi hazipo. Mama alisimama mlangoni, akashindwa kuingia.

"Ingia, Dada," akasema, sauti kama ya kopo. "Sasa tumekuwa pea. Wewe wa kulia, mimi wa kushoto. Tukipika chapati tutasaidiana."

Mama akalia. Mjomba akanigeukia mimi. "Redio, mwambie dada yangu nyusi zinaota."

"Zinaota, Mama," nikasema. Nilisema kwa sauti, hata mgonjwa wa pembeni aligeuka.

Tukiwa tunaondoka, kwenye korido tulimkuta bibi wa miwani ya kamba, amekaa kwenye benchi na mfuko wa machungwa mapajani. Amekuja kuwaona waliolazwa. Alituona, akainuka nusu, akakaa tena. Mama akaharakisha mwendo.

Jumatatu, 29 Aprili

Kikao cha dharura. Mama ameondoka bila kunywa chai.

Jumanne, 30 Aprili

Naandika haya kabla sijaandika kumbukumbu zenyewe, maana nikishaziandika sitaweza.

Mwenyekiti anaongea kwa huzuni, na nadhani huzuni ni ya kweli; hiyo ndiyo inanichosha. Anasema bima watauliza, wanahisa watauliza. Anasema uzembe ulikuwa wa zamu ile, waliopanga mapande bila kufuata maelekezo. Halafu:

"Swali ni moja. Je, bodi hii iliwahi kufahamishwa juu ya hali ya chumba cha kupoza? Katibu, kumbukumbu zinasemaje?"

Nikabonyeza simamisha. Nikaenda kunywa maji. Nikarudi.

"Hakuna kwenye kumbukumbu, Mwenyekiti," anasema Mama.

Ni kweli. Hilo ndilo baya. Kila neno ni kweli. Hakuna kwenye kumbukumbu. Na za mwisho niliziandika mimi.

Baada ya hapo nilimngoja Namba Sita. Nilipandisha sauti mpaka nikasikia saa ya ukutani. Nilitaka apige meza, angalau avute ile pumzi yake. Hakuvuta. Kikao kikafungwa, viti vikaburutwa, wakatoka. Mama alikuwa bado hajazima kinasa, vidole vya kushoto vinamsumbua. Ndipo sauti ile ikaja karibu, karibu kabisa kwa mara ya kwanza katika rekodi sita na hii ya saba, kana kwamba amekaa nami mezani:

"Mkono unaendeleaje, katibu?"

Kinasa kinazimwa.

Alhamisi, 2 Mei

Mjomba ametoka hospitali na barua mkononi. Amesimamishwa kazi yeye na wanne wa zamu yake hadi uamuzi wa mwisho. Amesoma barua mara mbili kisha akaikunja ikawa ndogo kama tiketi. Leo hakuniita Redio.

Mama yupo chumbani, mlango umefungwa. Nilikuwa namwona mkubwa sana, mtu anayekaa chumba kimoja na wakubwa. Jumanne nilimwona mwongo. Leo, nilipompelekea uji, nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda anajaribu kujifunga kitambaa kichwani kwa mkono mmoja, kinadondoka, anaokota, kinadondoka. Sikuona tena mkubwa wala mwongo. Nikamfunga.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua imepungua. Nimenakili orodha yote kwenye karatasi safi, Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Katika Kiingereza changu watu wanafanya mambo wenyewe: aliuliza, alimkatiza, hakujibu.

Jumatatu, 6 Mei

Plasta imetolewa. Sikwenda shule, nilimsindikiza. Mkono umekonda, umepauka, unanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye ndoo. Nesi alimpa kipande cha sponji cha kubonyeza, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, ili nguvu irudi. Mama alikiangalia kama kitu alichotumiwa na mtu. Njia nzima ya kurudi alikuwa anakibonyeza na kukiachia.

Nyumbani tulikuta mtu wa ofisi ameleta bahasha. Ripoti ya mtathmini, iliyokamilika, na juu yake fomu ya ukurasa mmoja. Mimi, katibu wa bodi, nathibitisha kwamba hesabu ya michango ya wakurugenzi ni sahihi na kamili. Mahali pa saini. Inatakiwa kesho asubuhi.

Mama aliisoma amesimama.

"Angalau sasa nitasaini kwa mkono wangu," akasema.

"Mama." Nilivuta pumzi. Niliisikia nikiivuta, ilitoka mbali kama ya yule bibi. "Sikuzifuta."

"Hukufuta nini?"

"Rekodi. Zote tano. Ninazo. Na za mwezi uliopita pia ninazo."

Nilidhani atanipigia kelele. Hajawahi kunipigia kelele lakini nilidhani leo ndiyo siku. Akabonyeza sponji, akaiachia. Akasema anaenda kuoga, kwani mkono unanuka. Aliingia bafuni na hakufungua maji muda mrefu. Nimekaa hapa mezani nasikiliza. Sasa ndio ameyafungua.

Najua hesabu yenyewe. Akisaini, Ijumaa Namba Sita anatolewa kama mtu asiyesema, na Mjomba harudi kazini, kwa kuwa bodi haikufahamishwa. Asiposaini, itabidi aseme kwa nini, na kwa nini rekodi ziko kwa mtoto wa shule, na miaka ishirini na miwili itakwisha katika dakika tano. Ningeweza kuituma orodha mwenyewe. Nenosiri lake ninalijua, ndilo ninaloandikia kila siku. Nimefikiria hivyo tangu Jumamosi. Lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimeongea juu yake, sahani juu ya sahani, na yeye bado hajaulizwa.

Maji yamefungwa.

Fomu iko kushoto kwangu. Orodha iko kulia, imekunjuliwa, tarehe na dakika, moja hadi kumi na tisa. Katikati ni daftari hili.

Nasikia malapa yake kwenye korido, yamelowa, yanajikokota. Kwa kawaida hapa ndipo ninapolifunga, nakimbia chumbani, nalisukuma chini ya godoro, upande uliobonyea. Amesimama. Labda anajifunga kitambaa. Kwa mikono miwili leo. Sasa anakuja tena.

Nikishaweka nukta hii nitaligeuza daftari lielekee kwenye kiti chake, na kalamu nitaiacha juu yake.